Wati Elfu Tano za Kwenye Boksi

Kwenye maduka ya Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, boksi la redio ndogo ya sebuleni halikosi namba ya kujitangaza: PMPO 5,000. Itoe redio yenyewe, igeuze mgongo, usome kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Hapo majigambo yanakwisha: volti 230, wati 60. Hizo 60 ndizo redio inazokula, na hakuna mashine inayoweza kutoa kwa kudumu zaidi ya inachokula. Tena plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, maana yake plagi moja imepangiwa kupitisha wati 3,000 hivi. Hizo 5,000 za muziki zingepita wapi?

PMPO, yaani nguvu ya muziki ya kilele, haina kanuni ya pamoja ya kuipima; kila kiwanda hujipigia hesabu yake. Marekani walishachoshwa na mchezo huu zamani, na mwaka 1974 tume yao inayosimamia biashara ilitunga kanuni ya kuwalazimisha wauza amplifaya kutaja nguvu inayodumu, iliyopimwa kwa masharti yanayojulikana. Huku kwetu mnunuzi hana wa kumsaidia ila macho yake. Tafuta neno RMS, linaloashiria nguvu hiyo inayodumu, na usipoliona, amini kibandiko cha nyuma.

Nimeanza na hili kwa sababu mtu anayetafuta spika za bei nafuu za kuunganisha na redio yake ndogo huuliza kwanza, “Zina wati ngapi?” Wati zilizoandikwa kwenye spika si sauti itakayotoa. Ni kiasi cha umeme inachoweza kuvumilia kabla haijaungua. Swali lenye faida ni jingine: ukiipa spika hii wati moja, itapiga kelele kiasi gani?

Jibu lake lipo kwenye karatasi ya maelezo, na huitwa sensitiviti. Spika hupewa wati moja, kipaza sauti cha kupimia huwekwa umbali wa mita moja, na matokeo huandikwa kwa desibeli. Spika ndogo nyingi za kuweka juu ya rafu huangukia kati ya 83 na 90. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uijue hesabu ya desibeli: kila ukitaka kuongeza 3, lazima uzidishe wati mara mbili. Kwa hiyo spika ya desibeli 90 iliyounganishwa na redio ya wati 20 itasikika sawa na spika ya 84 iliyopewa wati 80. Redio ndogo haina wati 80. Na sikio nalo si rahisi kuridhika, kwani ili sauti isikike imekuwa kubwa maradufu inahitaji nyongeza ya desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Aliyeuza redio ya wati 20 akanunua ya wati 40 amelipa fedha nyingi kwa mabadiliko ambayo majirani hawatayagundua.

Kwa nini basi kila kiwanda kisitengeneze spika ndogo yenye desibeli 90 na besi nzito? Hapa ndipo fizikia inapokataa kupatana bei. J. Anton Hofmann, mwanafizikia aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH mwaka 1957 (herufi H ni yake), ndiye aliyeuweka ukweli huu kwa namna ambayo mafundi wanaikumbuka hadi leo kama sheria ya chuma. Kuna mambo matatu ambayo kila mtu anayataka: kabati dogo, besi inayoshuka chini, na kelele nyingi kwa umeme kidogo. Utapata mawili. La tatu utaliacha dukani.

Sababu yake iko kwenye hewa. Spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa kwa koni, na kadiri noti inavyoshuka ndivyo koni inavyotakiwa kusafiri zaidi. Ukishuka oktavu moja, tuseme kutoka hezi 100 hadi 50, koni lazima itembee mara nne ya umbali wa awali ili sauti ibaki na ukubwa uleule. Koni ya inchi nne haina nafasi ya kutembea hivyo. Halafu hewa iliyofungiwa ndani ya kabati hufanya kazi ya springi, na kabati likiwa dogo springi huwa ngumu, hivyo koni hukataa kutikisika polepole. Mhandisi ana dawa moja ya haraka: aiongezee koni uzito. Besi inashuka kweli, lakini koni nzito inadai wati nyingi zaidi kuisukuma, na sensitiviti inaanguka. Tundu linalochongwa kwenye kabati, la mbele au la nyuma, husaidia kuokoa kiasi fulani cha sauti iliyokuwa ikipotelea ndani. Linasaidia, halivunji sheria.

Wahandisi wa BBC walikumbana na uamuzi huu miaka ya 1970, walipohitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo hata mtu mwenyewe anakaa kwa kujibana. Spika yao, LS3/5A, ina urefu wa sentimeta 30 hivi. Waliacha besi ya chini kabisa, wakakubali sensitiviti ya karibu 83, wakashikilia jambo moja: sauti ya binadamu isikike kama sauti ya binadamu. Mpaka leo watu wanaitafuta kwa bei za kutisha.

Wewe uache lipi? Inategemea unasikiliza nini. Uzi mzito wa gitaa la besi hutoa noti ya hezi 41, na spika ndogo haiwezi kuifikia. Hata hivyo wazee wetu waliifuatilia besi ya bendi ya Morogoro Jazz kwenye redio za transista zenye spika ndogo tu, wala hawakuwa wanajidanganya. Gitaa halitoi hezi 41 peke yake, bali pamoja nayo hutoka 82, 123 na kuendelea, na ubongo ukizisikia hizo za juu hujaza wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Taarabu na dansi la zamani, lenye ala za nyuzi, hufaidika sana na kipaji hiki cha ubongo. Ngoma za kompyuta za Bongo Fleva na amapiano ni habari nyingine: baadhi ya besi zake ni mtetemo karibu mtupu wa hezi 50 hivi, usio na noti za juu za kutosha za kuutambulisha. Kwa muziki huo sabufa ya pembeni ni lazima. Ushauri wangu ni kununua kwanza spika mbili safi zenye sensitiviti ya 87 kwenda juu, kisha sabufa ije siku fedha ikipatikana.

Kabla ya kutoa fedha, rudi tena nyuma ya redio. Kama matundu ya spika ni ya plagi maalumu badala ya vibanio vya waya wa kawaida, utahitaji fundi. Soma pia omu, kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme. Redio iliyoandikwa 6 hadi 16 isipewe spika ya omu 4, kwa sababu omu zikipungua amplifaya hutakiwa kutoa mkondo mwingi zaidi, nayo hupata moto. Kuna ujanja mmoja wa wauzaji hapa. Baadhi hupima sensitiviti kwa volti 2.83, ambazo kwenye spika ya omu 8 ni wati moja, lakini kwenye spika ya omu 4 ni wati mbili. Spika ya omu 4 inayojisifu kwa desibeli 89 kwa kipimo hicho, ihesabu 86.

Spika za mtumba zinazotoka Ulaya mara nyingi ndizo fedha yako itakapofanya kazi zaidi, ukizijua. Adui mkubwa ni sponji iliyozunguka koni: joto na unyevu huila, na pwani yetu ina vyote viwili. Ibonyeze kwa kidole. Ikimung'unyika, achana nayo au ukate bei ya fundi hapohapo. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia inakwaruza, koili inagusa sumaku. Angalia pembe za kabati kama mbao za MDF hazijavimba kwa maji. Na usivutwe na wingi wa duara zinazong'aa. Wufa moja ya noti za chini na twita moja ya noti za juu, zikiwa nzima, zinatosha.

Ukizisikiliza, hakikisha zote zinapiga kwa ukubwa mmoja, kwa sababu yenye sauti kubwa kidogo mara nyingi hushinda, na kitufe cha kuongeza besi kizimwe. Nenda na wimbo unaoujua, wenye mwimbaji mmoja na ala chache. Ikiwezekana, geuka usizitazame. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika zikiwa nyuma ya pazia, na pia zikiwa wazi. Spika ndogo ya bei nafuu, iliyokuwa imepata alama nzuri gizani, ilishuka wasikilizaji walipoiona.

Nyumbani, vigae, kuta za bloku na madirisha bila pazia hurudisha sauti mpaka maneno ya wimbo yanagongana. Wallace Sabine alilipima jambo hili Harvard kuanzia mwaka 1895, akihamisha usiku mito ya viti vya ukumbi mwingine hadi kwenye ukumbi uliokuwa na mwangwi. Zulia, makochi na pazia zito vinafanya kazi hiyohiyo, na pengine unavyo tayari. Twita iwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Spika ikisogea ukutani au pembeni mwa chumba besi inaongezeka, kwa hiyo ndogo isogeze, na ikianza kuvuma irudishe mbele. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unaotumika kwenye taa unatosha kwa sebule. Nyekundu iende kwenye nyekundu pande zote mbili. Spika mpya zikikosa besi kabisa, huenda nyekundu imekaa kinyume upande mmoja; usizirudishe dukani kabla hujageuza waya wa upande mmoja ukasikiliza tena.