MJOMBA ALIVYOTUPA VIDONGE VYA MOYO

Wiki hii msomaji wangu nakuletea habari za moyo, na siyo ule wa mapenzi. Huu ni ule wenyewe unaodunda kifuani.

Mjomba wangu wa Magomeni mishipa ya moyo imemziba kiaina. Akipanda ngazi, kifua kinambana. Daktari alimwandikia atenololi, kidonge kimoja kila asubuhi, na mzee akatulia, akarudi kibarazani kucheza bao.

Basi bwana, siku moja jirani mjuaji akamshika mkono, akahesabu mapigo. 56 kwa dakika! "Mzee, moyo unazimika huo!" Mjomba akaingiwa na hofu, akavitupa vidonge vyote bila kumwambia mtu. Usiku wa siku ya nne tukawa kwenye teksi, mbio hospitali, kifua kinambana, moyo unamdunda kama mdundiko, jasho linamtiririka. Wee acha tu.

Daktari wa zamu alikuwa dada kijana tu, wala hakutufokea. "Mzee, dawa hii haiachwi ghafla," akamwambia, halafu akanielewesha mimi. Adrenalini, ile homoni inayokujia ukikimbizwa na mbwa, hugonga milango ya moyo ili uende mbio. Atenololi inasimama mlangoni kama baunsa. Lakini mwili nao mjanja: ukiona milango imezibwa, unafungua mingine. Sasa ukimwondoa baunsa siku moja, adrenalini inaingia kwa fujo, na mgonjwa anaweza kupata hata shambulio la moyo. Ndiyo maana daktari huipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Na ile 56? Mtu mzima akipumzika kawaida huwa na mapigo 60 mpaka 100. Ila kwa mgonjwa kama mjomba, hamsini na kitu bila kizunguzungu ndiko anakotakiwa afike. Moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake kati ya pigo na pigo, kwa hiyo ukienda taratibu unashiba, na kazi inapungua. Zikiwa chini ya 50, au mtu anaona giza na kuzimia, hapo mpeleke kwa daktari.

Dawa ya kwanza ya ukoo huu iliyoenea ni propranololi, kazi ya James Black wa Scotland miaka ya 1960. Mwaka 1988 akapewa tuzo ya Nobel. Inatuliza hata mikono inayotetemeka, ndiyo maana wenzetu wa mashindano ya kulenga shabaha wamepigwa marufuku kuitumia!

Mwenye pumu propranololi siyo yake, inaweza kumbana pumzi. Na kuna verapamili, nayo inashusha mapigo kwa njia nyingine. Ukichanganya hizo mbili kienyeji, moyo unaweza kwenda polepole kupita kiasi. Nakwambia wewe kwa sababu ndiye unayetumwa duka la dawa. Ukiambiwa "hiyo imekwisha, chukua hii, ni ileile," rudi kwanza kwa daktari.

Mjomba amerudia kidonge chake. Juzi jirani alikuja tena, akanyoosha mkono ahesabu.

"Hesabu kete zako," mjomba akamjibu, "mchezo umeshakushinda."