Kaukau za Ughaibuni: Soma Gramu Kabla ya Bei

Kiazi kibichi ni maji kwa takriban asilimia 80. Kikatwe vipande vyembamba, kikaangwe kwenye mafuta ya nyuzijoto 180 hivi, na maji hayo karibu yote hutoka huku mafuta yakiingia hadi kufikia kama theluthi ya uzito. Ndiyo maana kilo moja ya kaukau hula kilo tatu hadi nne za viazi. Hesabu hiyo haibadiliki Muscat, Tokyo wala London. Kinachobadilika ni ukubwa wa paketi, kodi na viungo, na hapo ndipo pesa ya msafiri anayependa kuonja hupotelea.

Tuanze Oman. Chips Oman ni paketi ndogo ya gramu 15, na kwa miaka mingi iliuzwa baisa 50. Kwa kuwa riali moja imefungwa kwenye dola 2.60 tangu 1986, hizo ni senti 13 za Marekani, bei ambayo hata mtoto wa shule huimudu. Lakini piga hesabu ya kilo: riali 3.33, yaani karibu dola 8.70. Ni bei kubwa, ila huwezi kuiona kwa sababu unailipa kidogo kidogo. Ladha yenyewe ni pilipili kavu na chumvi juu ya kipande chembamba mno. Wenyeji huzipondaponda ndani ya paratha iliyopakwa jibini, wakateremshia kwa chai ya maziwa ya karaki. Zile hivyo, si zenyewe tupu. Pilipili na jibini vinahitajiana.

Japani ina hila nyingine, ya kupunguza. Kampuni ya Calbee ilipoanza kuuza kaukau zake mwaka 1975, yeni 100 zilinunua gramu 90. Paketi ya kawaida leo ni gramu 60. Hata kama bei isingeongezeka yeni moja, kila gramu ingekuwa imepanda kwa asilimia 50. Na hapo bado hatujataja hali ya hewa. Kisiwa cha Hokkaido hutoa karibu asilimia 80 ya viazi vya Japani. Vimbunga vilipokipiga Agosti 2016 na kuharibu mavuno, ilipofika Aprili 2017 Calbee na mshindani wake Koikeya zilisitisha uuzaji wa baadhi ya bidhaa, na watu wakawa wanauziana mtandaoni paketi za ladha ya piza kwa karibu mara sita ya bei yake. Ukifika huko, tafuta za chumvi na mwani, ambazo Koikeya imekuwa ikiuza tangu 1962. Harufu ya bahari ndani yake ni ya kweli, na chumvi haijifanyi bwana.

Uingereza, mkono ulio ndani ya paketi ni wa serikali. Vyakula vingi havitozwi VAT, lakini kaukau za viazi hutozwa asilimia 20, kwa hiyo sehemu moja ya sita ya unacholipa ni kodi. Tortila za mahindi zinazouzwa rafu hiyo hiyo hazitozwi. Watengenezaji wa Pringles walikwenda mahakamani wakidai bidhaa yao, yenye viazi takriban asilimia 42 tu, isihesabiwe humo. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa iliwakatalia, na kodi ya nyuma iliyokuwa ikigombewa ilitajwa kufikia pauni milioni 100. Kwa ladha, siki na chumvi ya Waingereza ni kali kupita kiasi. Paketi ya gramu 25 inatosha kinywa kimoja.

Kwa anayeonja, basi, paketi ndogo ni halali hata ikiwa ghali kwa gramu, maana hasara yake ni senti. Paketi kubwa inunue ukishajua unachokipenda, na hapo ugawe bei kwa uzito kabla ya kufika kwa keshia. Nikiambiwa nichague moja kati ya hizi tatu, nachukua ya mwani na chumvi.