Mshumaa, jani na chumvi vyatosha kupamba kadi za Kilwa

Na Mwandishi Wetu

MABAKI ya mshumaa yanayosahaulika dirishani baada ya umeme kurejea yanaweza kugeuzwa pambo la kadi ya harusi, ya Idi, au ya kumbukumbu kwa mgeni anayezuru magofu ya Kilwa Kisiwani.

Kinachotakiwa ni kuielewa kanuni moja ya kale: fundi haanzi kwa kupaka rangi, bali huanza kwa kuziba mahali ambapo rangi haitakiwi kufika.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa batiki, sanaa iliyokomaa katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2009. Nchini Nigeria, Wayoruba huizuia rangi ya nili kwa uji mzito wa muhogo. Hapa Tanzania, batiki ya nta imekuwa chanzo cha kipato kwa vikundi vingi vya wanawake, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, ni miongoni mwa taasisi zilizowafundisha wajasiriamali kazi hiyo.

Kitambaa cha batiki huhitaji nta iliyoyeyushwa motoni, rangi maalumu na dawa zake. Kadi haihitaji gharama hiyo, kwani vifaa vyake vingi vimo jikoni na uani.

Mshumaa mweupe

Nta ya mshumaa wa dukani hutokana na mafuta ya petroli, na mafuta hayachanganyiki na maji. Mstari uliochorwa kwa mshumaa juu ya karatasi ngumu ya manila hauonekani kwa urahisi, lakini rangi ya maji ikipita juu yake hujikusanya vitone na kuteleza pembeni. Mstari hubaki mweupe.

Mchoraji aukandamize mshumaa kwa nguvu, kisha ainamishe karatasi kuelekea mwanga ili aone palipokosa nta. Rangi iwe nyepesi, kwani rangi nzito yaweza kuifunika nta. Wasio na rangi ya dukani wanaweza kutumia chai au kahawa iliyokolezwa. Binzari nayo hutoa manjano ya kupendeza, ila hufifia upesi ikianikwa juani.

Anayetaka rangi mbili aanze na ile hafifu, aiache ikauke, achore tena kwa mshumaa, ndipo apake iliyokolea. Michoro ya kwanza itabaki myeupe, na ya pili itabaki na rangi ya awali.

Nta huondolewa kwa kuiweka kadi kati ya karatasi mbili safi na kupitisha pasi yenye joto la wastani. Gazeti halifai, kwa kuwa wino wake waweza kuhamia kwenye kadi. Ni vyema pia kuacha nafasi ya maandishi bila nta tangu mwanzo, kwa sababu kalamu ya wino na gundi havishiki juu yake.

Jani na mswaki mkuukuu

Njia ya pili haihitaji nta. Jani bichi la mwarobaini au umbo lililokatwa kwa karatasi hulazwa juu ya kadi na kushikiliwa kwa vijiwe. Mswaki mkuukuu huchovywa kwenye rangi kidogo, kisha nywele zake huvutwa kwa kidole ili zirushe vitone vidogo. Rangi ikishakauka, jani huondolewa na kivuli chake cheupe hubaki.

Chumvi ya pwani

Chumvi huvunwa kwa kukausha maji ya bahari katika maeneo ya Kilwa na Lindi. Chenga zake zikinyunyizwa juu ya rangi ambayo bado ni mbichi, hufyonza maji na kuivuta rangi, zikiacha alama mithili ya nyota.

Chumvi hiyo lazima ipukutwe yote rangi ikikauka. Ikibaki, itavuta unyevu wa hewa ya pwani, na kadi iliyokaa kabatini itaanza kutoa madoa.

Hadhari ya moto

Anayeamua kuyeyusha nta ili aipake kwa brashi asiiweke moja kwa moja juu ya jiko la mkaa. Chombo cha nta kikae ndani ya sufuria yenye maji ya moto, mbali na watoto. Nta ikishika moto, isimwagiwe maji, kwani itaruka na kuunguza. Ifunikwe kwa mfuniko na kuondolewa kwenye joto ikiwezekana.

Umbo bila jiwe

Kilwa ina hazina ya maumbo ya kuchora. Jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lina bwawa la pembe nane, na Msikiti Mkuu una matao na kuba. Mistari iliyonyooka ya pembe nane huchoreka kwa mshumaa na rula hata na mtoto wa shule.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Kila kigae kinachookotwa na kuuzwa kwa mgeni ni sehemu ya historia isiyorudi, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mali hizo.

Kadi humpa mgeni ukumbusho wa umbo lile lile bila jiwe kuguswa, na fedha aliyoitoa hubaki mkononi mwa aliyeichora. Fundi anayeanza leo ajaribu kwanza vipande vidogo vya manila, aandike nyuma ya kila kipande rangi na njia aliyotumia, na avihifadhi kama vielelezo vya kumwonyesha mteja.