Unataka kazi ya SEO hapa Karatu? Usimwahidi mtu namba moja

Wiki hii vijana watatu wameniuliza swali lile lile kwenye kafe hapa Karatu mjini: "Bro, hiyo SEO unayofanya ni nini, na inalipa kweli?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona niandike. Na pale nilipochemsha nitasema pia, ili msirudie.

Kwanza kitu chenyewe. Mgeni yuko Berlin au Nairobi, anataka kuja kuona kreta ya Ngorongoro. Anaandika kwenye Google kwamba anatafuta pa kulala karibu na geti. Zinakuja kurasa kibao, yeye anafungua mbili tatu za juu, basi. SEO ni kazi ya kuisaidia tovuti ya mteja wako ieleweke na Google na ionekane kwa mtu anayetafuta kitu hicho. Zile za juu zilizoandikwa kwamba ni matangazo ni habari nyingine. Zile zinalipiwa, na kuzilipia hakukupandishi kwenye matokeo ya kawaida.

Kwetu hii ni kazi ya kweli, maana Karatu inaishi kwa wageni. Barabara ya Arusha kwenda kreta na Serengeti inapita katikati ya mji. Loji, kambi, nyumba za wageni, kampuni za safari... wote wanagombea mgeni yule yule, na mara nyingi ameshachagua kabla hajapanda ndege.

Google inafanya kazi kwa hatua tatu. Roboti zake zinapita kusoma kurasa. Halafu zilizosomwa zinawekwa kwenye hifadhi. Mtu akiuliza, zinapangwa ipi ije juu. Ukikwama kwenye mbili za mwanzo, ya tatu haipo kabisa. Hapo ndipo nilipoumbuka.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Nilikuwa ndio nimemaliza shule. Nikaenda nimechomekea, shikamoo kwa unyenyekevu wote, nikamwambia: "Mama, nipe mwezi mmoja tu, utakuwa namba moja Google." Akanipa laki mbili za kuanzia. Nikanunua linki mia tano kwa jamaa mmoja wa mtandaoni, nikajaza neno Ngorongoro kila mstari mpaka ukurasa ukasomeka kama mtu mwenye kigugumizi. Mwezi ukapita. Ikawa miezi mitatu. Hakuna mgeni aliyepiga simu.

Akaniita. Hakufoka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. "Mwanangu, hiyo namba moja mimi siijui. Mimi nataka wageni wapige simu."

Nikarudi kafe nimenywea. Ndio kwanza nikafungua mipangilio ya tovuti yake, kitu ambacho ningekifanya siku ya kwanza. Nikakuta aliyeitengeneza ameacha tiki kwenye kile kiboksi kinachoziambia injini za kutafutia zisiiweke tovuti kwenye hifadhi yao. Watu huweka tiki hiyo wakati wanajenga, wakimaliza wanasahau kuitoa. Halafu kwenye ramani ya Google namba ya simu ilikuwa ya zamani, haipatikani. Yaani nilikula hela ya mtu kupaka rangi duka ambalo mlango umefungwa kwa kufuli!

Nikatoa tiki, nikarekebisha namba, nikaenda kumweleza mama ukweli wote. Nikamrudishia laki moja iliyokuwa imebaki, nyingine nikailipa kwa kazi. Baada ya wiki kadhaa simu zikaanza kuja, taratibu. Mpaka leo ni mteja wangu, na wawili waliofuata niliwapata kwa mdomo wake.

Sasa wadau, yale niliyojifunza ni haya:

1. KAGUA KABLA YA KUAHIDI. Nenda Google, andika site, weka nukta mbili, kisha anuani ya tovuti bila kuacha nafasi. Zikija kurasa zake, zimo kwenye hifadhi. Isipokuja hata moja, anza kutafuta sababu hapo. Angalia pia kama inafunguka haraka kwenye simu, na kama namba, jina na mahali vinafanana kila sehemu.

2. USIUZE NAMBA MOJA. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Na mwaka 2017 walieleza kwamba mara nyingi inachukua miezi minne mpaka mwaka mmoja kuona faida. Kingine, unachokiona wewe kwenye kafe ya Karatu sio anachokiona mgeni wa Berlin, maana matokeo hubadilika kulingana na mahali na lugha. Kwa hiyo kumwonyesha mteja kwenye kioo chako kwamba "umeona mama, wa kwanza" sio ushahidi.

3. ACHANA NA LINKI ZA KUNUNUA. Google ilipoanza mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin walikuwa na wazo kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine umependekezwa, kama mtu anavyopendekezwa na majirani. Wajanja wakaanza kuuza mapendekezo. Aprili 2012 ikaja Penguin, mabadiliko yaliyolenga mchezo huo, na tovuti nyingi zikaporomoka. Mwaka 2011 ilishatangulia Panda kwa kurasa zisizo na maana, na Machi 2024 wakaweka sheria dhidi ya kumwaga makala kwa wingi ili kupata nafasi tu, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Anayeumia ni mwenye biashara. Wewe utabadilisha laini ya simu, yeye tovuti yake itabaki chini.

4. UZA UNACHOKIJUA. Desemba 2022 Google iliongeza neno "uzoefu" kwenye mwongozo wa wale watu inaowatumia kutathmini matokeo: je, aliyeandika amefika, amefanya, ameona? Hapa kijana wa Karatu unamshinda jamaa wa mbali anayeandika kwa kubahatisha. Wewe unajua ukingoni mwa kreta kuna baridi kali mwezi wa saba na mgeni lazima aje na koti. Unajua magari yanashukia Seneto na kupandia Lerai. Unajua njia ya Mang'ola kwenda Ziwa Eyasi ikoje mvua ikinyesha. Yaandike hayo kwenye ukurasa wa mteja, na picha mpige wenyewe. Kama ni kampuni ya safari, leseni yake ya utalii, ile wengi wanaiita TALA, iwekwe wazi. Mgeni anayeogopa kutapeliwa anaitafuta.

5. FUNGUO ZIWE ZA MTEJA. Google Search Console ni ya bure. Inaonyesha watu walitafuta nini, wakaiona tovuti mara ngapi, wakabofya mara ngapi. Ifungue kwa akaunti ya mwenye mali, wewe akuongeze kama mtumiaji. Kuna vijana wanashikilia paswedi ili mteja asiwakimbie. Huo ni utekaji jamani!

6. ANDIKENI. Karatasi moja inatosha: utafanya nini, kwa muda gani, kwa shilingi ngapi. Kila mwezi mpelekee ripoti fupi, na umuulize ni wageni wangapi walipiga simu. Tangu mwaka 2024 Google imeanza kuweka majibu ya mashine juu ya matokeo, mgeni anaweza kusoma na kuondoka bila kufungua tovuti yoyote. Kwa hiyo hesabu ya simu na vyumba ndiyo ya kuaminika.

Kama huna mteja, usikae bure. Fungua ukurasa wako mwenyewe kuhusu kitu kimoja cha hapa, mfano maporomoko ya Endoro, uuhangaikie miezi sita. Siku ukienda kuomba kazi, utakuwa na kitu cha kuonyesha.

Mji wetu ni mdogo. Ukimtapeli mmoja, mpaka jioni mtaa mzima unajua. Na ukimfanyia vizuri, hivyo hivyo.

Mwenye nyongeza au swali aweke hapo chini, nitajibu nikipata salio. Nawasilisha.