Tochi ya nyumba: tuanze na pile, halafu tutazame mwanga



Katika nchi yetu, karibu mtu 1 tu kati ya 5 ndiye anayepata umeme. Na yule anayeupata anajua delestaji: umeme unakatika saa moja ya jioni, chungu kikiwa bado jikoni na watoto wakiwa kwenye madaftari. Kwa hiyo tochi kwetu si kitu cha safari. Ni chombo cha nyumba, kama ndoo na sufuria. Ndiyo inayomsindikiza mtoto chooni usiku. Ndiyo inayotangulia njiani wakati uchungu unamshika jirani saa nane za usiku, na kituo cha afya kiko mbali.

Watu wa Goma hawajasahau Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka jioni. Familia nyingi ziliondoka kwa miguu gizani, wengine kuelekea Sake, wengine kuelekea mpaka wa Rwanda, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika msongamano ule. Usiku wa namna hiyo hauachi muda wa kutafuta butiki iliyo wazi. Tochi inayosaidia ni ile iliyokuwa tayari, ndani yake pile nzima.

Basi tunachagua namna gani, tusipoteze faranga zetu?

Pile kwanza

Wengi wetu tukifika sokoni tunatazama rangi ya tochi, tunaiwasha mara moja, tunalipa. Tungeanza kwingine: kwenye butiki iliyo karibu na nyumba. Tazama ni pile gani zinazopatikana pale siku zote, hata wakati barabara ni mbaya na bidhaa hazifiki. Tochi nzuri yenye pile isiyopatikana kwenu ni pambo tu.

Mara nyingi utakuta aina tatu. Kuna pile nene, ile ya tochi kubwa za zamani. Juu yake imeandikwa R20, LR20 au D. Kuna ya kati, yenye unene wa kidole, ambayo hutumika pia katika redio ndogo na saa za ukutani. Hiyo ni R6, LR6 au AA. Na kuna nyembamba zaidi, R03, LR03 au AAA. Zote tatu ni za volti 1.5. Tofauti yao ni akiba ya nguvu iliyo ndani: nene inashinda ya kati, na ya kati inashinda nyembamba.

Herufi L nayo ina maana. LR6 ni pile ya alkali. R6, bila L, ni pile ya kawaida ya zinki na kaboni. Ya kawaida ni ya bei ndogo na inafaa saa ya ukutani, lakini katika tochi yenye mwanga mkali inachoka upesi. Ya alkali ni ghali kidogo, ila inadumu muda mrefu zaidi, na haivuji maji haraka kama ile nyingine. Kwa tochi ya kungojea usiku wa dharura, weka ya alkali.

Kwa familia nyingi, tochi inayotumia pile mbili za AA inatosha. Ni nyepesi mkononi, na pile zake ziko karibu kila butiki. Ikitokea shida, unaweza kuzitoa kwenye redio.

Hesabu ya miezi mitatu

Tochi tunainunua mara moja. Pile tunazinunua kila mara. Tuchukue mfano. Tochi ya kwanza inauzwa faranga 4 000 na inakula pile tatu nyembamba kila wiki. Pile moja ikiwa faranga 500, kila wiki unatoa 1 500. Kwa wiki 12 ni 18 000. Ukiongeza bei ya tochi, umetumia faranga 22 000.

Tochi ya pili ni faranga 9 000, lakini inakula pile mbili za AA kila wiki mbili. Kila mara ni faranga 1 000, na kwa wiki 12 unanunua mara sita: 6 000. Pamoja na tochi ni 15 000. Ile iliyoonekana ghali imekuachia faranga 7 000 mfukoni. Bei za kwenu zinaweza kuwa nyingine. Fanya hesabu hii hii kwa bei unazozijua.

Ndiyo sababu ni vizuri kuchagua tochi ya LED. Ampuli ya zamani, ile yenye uzi ndani, inageuza sehemu kubwa ya nguvu ya pile kuwa joto. LED inatoa mwanga mwingi kwa nguvu kidogo. Ikiwa tochi ina mianga miwili, mdogo na mkubwa, ni bora zaidi: mdogo kwa ndani ya nyumba, mkubwa kwa njia.

Kuipima mbele ya muuzaji

Namba kubwa zilizoandikwa kwenye paketi usizitegemee. Pima mwenyewe. Nenda na pile zako mbili nzima, kwa sababu pile za kujaribia sokoni mara nyingi zimechoka.

Iwashe na kuizima mara kumi. Ikikataa hata mara moja, iache. Itikise ikiwa inawaka. Mwanga ukikatikakatika, vyuma vya ndani havishiki pile vizuri. Fungua kifuniko na kukifunga: kizunguke bila kukwama, na ndani yake kuwe na kamba ya mpira ya kuzuia maji ya mvua. Tazama springi, isiwe na kutu. Tochi nyingi za pile tatu nyembamba zina kikapu kidogo cha plastiki cha kushikilia pile. Kikapu hicho kikivunjika au kupotea, tochi imekufa. Uliza kama muuzaji ana kingine.

Kisha ingia kwenye kona yenye giza. Je, unaweza kusoma daftari la mtoto? Je, unaona shimo hatua kumi mbele yako? Hiyo inatosha. Mwanga unaofika mlima wa pili hauna kazi nyumbani, nao unamaliza pile.

Kwa mama mwenye mtoto mgongoni, au kwa mkunga, tazama pia tochi ya kichwani. Inaacha mikono yote miwili huru.

Na tochi za kuchaji?

Zinafaa mahali umeme unaporudi kila siku, au penye sola. Lakini umeme ukikosekana kwa wiki nzima, nayo inanyamaza. Nyingi za bei ndogo zina betri iliyofungwa ndani, na ikifa hakuna wa kukubadilishia. Simu nayo ina mwanga, ni kweli. Lakini usiku wa dharura ndio unaohitaji simu ya kumwita motari au muuguzi. Ukiimaliza kwa kumulika, umekosa vyote viwili. Buji na taa ya petroli tusiziweke karibu na chandarua: usingizi mmoja tu, na nyumba inaungua.

Watoto na pile

Hapa tusikilize vizuri. Tochi ndogo sana za ufunguo na zile za kuchezea mara nyingi zina pile bapa kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza pile hiyo na ikakwama kooni, inaweza kumchoma ndani kwa muda wa saa mbili. Usimtapishe, wala usingoje aonyeshe dalili. Mpeleke hospitali mara moja. Nyumba yenye mtoto mdogo isiwe na tochi za namna hiyo.

Pile zilizokwisha tusiziachie watoto wazivunje. Kuna wanaochukua ule unga mweusi wa ndani kwa kupaka ubao. Unga huo una sumu, si wa kushikwa wala kuvutwa puani. Tusizitupe motoni, maana zinaweza kupasuka, wala karibu na kisima. Pile mpya tusiichanganye na ya zamani: ile iliyochoka itavuja na kuharibu tochi nzima. Na tochi ikikaa muda mrefu bila kazi, tutoe pile, tuziweke pamoja nayo ndani ya mfuko mkavu.

Kazi ya kikundi

Wamama walio katika likelemba wanaweza kufanya jambo moja rahisi. Badala ya kila mmoja kununua pile mbili mbili butikini, kikundi kinunue katoni nzima kwa bei ya jumla, na kila mama achukue sehemu yake kwa bei hiyo. Kabla ya kulipa, soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pile. Pile iliyokaa miaka mingi ghalani imepoteza nguvu. Tena kikundi kinaweza kuweka tochi moja ya kichwani kwa ajili ya mama wote wajawazito wa kartie, na kila mtu ajue iko kwa nani.

Leo jioni, kabla ya kulala, washa tochi yako. Ikiwa mwanga umekuwa mwekundu na dhaifu, usingoje. Kesho asubuhi nunua pile, kisha itundike tochi mahali pamoja, ambapo hata mtoto wa miaka saba ataipata kwa kupapasa.