Peni Moja kwa Juma

Katika kila mtaa wa wafanyakazi yuko mtu wa kuzungukia nyumba akikusanya michango, leo ya mazishi, kesho ya harusi. Akibisha hodi, wako wanaonyamaza kimya kana kwamba nyumba haina mtu. Lakini akikaribishwa ndani huona mengi kuliko fedha aliyoifuata: jiko lisilowashwa, mtoto anayeumwa, mume na mke wasiosemeshana. Kwa njia hiyo hiyo ndivyo ulivyozaliwa utaratibu uliowaunganisha Wamethodisti wa Uingereza juma baada ya juma.

Tarehe 15 Februari 1742, wafuasi wa mhubiri John Wesley walikutana mjini Bristol kujadili deni. Jumba lao la mikutano, lililojengwa mwaka 1739 na ambalo lingali limesimama hata leo, lilikuwa halijamalizwa kulipiwa. Wengi wao walikuwa watu wa hali ya chini. Wesley mwenyewe alikuwa amewahubiria wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, nje ya mji huo, wakiwa wamesimama uwanjani. Mtu mmoja aitwaye Kapteni Foy akashauri kwamba kila mwanachama atoe peni moja kila juma. Wakampinga: wengi hawana hata hiyo peni. Foy akajibu kwamba apewe yeye maskini kumi na mmoja kuliko wote. Atawapitia kila juma, na asiyeweza atamlipia. Wenziwe nao wakakubali kufanya vivyo hivyo kwa jirani zao.

Yafaa kulitazama jambo hilo kwa makini. Foy hakusema maskini waachwe kando, wala hakusema wabanwe mpaka watoe. Asiye na peni alihesabiwa pamoja na mwenye nayo.

Haukupita muda mrefu, wakusanyaji wakaanza kuleta habari ambazo hakuna aliyewatuma. Huyu ni mlevi, yule hapatani na mkewe. Wesley aling'amua mara moja kwamba amepata kitu chenye thamani kuliko fedha za jumba. Kundi la watu wapatao kumi na wawili likaitwa darasa, nalo likawekewa kiongozi. Wajibu wake ulikuwa kumwona kila mmoja angalau mara moja kwa juma, kumwuliza hali ya roho yake, kumwonya, kumfariji, na kupokea alichonacho kwa ajili ya kuwasaidia maskini. Msomaji wa Tanzania hatakosa kukumbuka utaratibu wa nyumba kumi ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960, ijapokuwa shabaha zake zilikuwa nyingine.

Kuzungukia nyumba, hata hivyo, kulikuwa na taabu zake. Wanachama wengi walikuwa watumishi wa majumbani, na mabwana zao hawakuruhusu wageni, au waliwaruhusu kwa sharti kwamba mazungumzo yafanyike mbele yao. Mtumishi ataungama nini mbele ya tajiri wake? Basi wakaamua kukutana wote pamoja, mahali pamoja. Hapo aliyeshutumiwa aliweza kusikia shutuma yake na kujitetea.

Nisimdanganye msomaji kwamba mambo hayo yalikuwa mepesi. Kuulizwa kila juma, mbele ya jirani, umeishije tangu tulipoonana, ni mzigo ambao wengi wetu tungeukwepa. Pia kiongozi asiyejua kufunga kinywa aliweza kuwa balaa kwa kundi zima.

Lakini watu wale wanyonge walijifunza mengine humo pasipo kukusudia: kuendesha mkutano, kutunza hesabu za fedha ndogo ndogo, kusimama na kusema. Mwaka 1834 vibarua sita wa mashamba katika kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa kuhamishiwa Australia kwa miaka saba. Kosa lao kisheria lilikuwa kula kiapo cha siri; kosa lao hasa lilikuwa kuunda chama cha wafanyakazi, baada ya mshahara wao kupunguzwa kutoka shilingi tisa kwa juma hadi saba, kisha kutishiwa kushushwa hadi sita. Kiongozi wao, George Loveless, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Wakubwa wa madhehebu yake hawakufurahia siasa za namna hiyo. Wafanyakazi wengi waliandamana kuwatetea, na mwaka 1836 wakasamehewa.

Wakati huo Umethodisti ulikuwa haujafika pwani yetu. Mwaka 1862 Thomas Wakefield alifika Mombasa akiongozana na Ludwig Krapf, wakaanzisha kituo Ribe, katika nchi ya Wamijikenda. Miaka 105 baadaye, mwaka 1967, Kanisa la Methodisti nchini Kenya lilipata kujitawala, na tangu hapo sadaka za waumini wake, ndogo kwa kubwa, zimekuwa zikihesabiwa na viongozi wao wenyewe.