Mayai yaliyokufa yanaua yale mazima

Katika Uwanda wa Ruzizi wafugaji wa samaki wanatuuliza: jike la kambare lilitoa mayai mengi, mbona vifaranga viko kidogo?

Hata sisi yalitupata. Jioni moja tulimwaga mayai yote katika beseni moja, tukaenda kulala. Asubuhi tukakuta yameshikana, yamefunikwa na manyoya meupe kama pamba. Hatukupata hata kifaranga kimoja.

Hiyo pamba ni kuvu. Inaanza kwenye yai lililokufa au lisilopata mbegu ya dume, kisha inatambaa mpaka kwa majirani wazima. Yai zuri lina rangi ya kijani-kahawia na linang'aa. Lililokufa linageuka jeupe. Baridi nayo inaisaidia kuvu: kwa maji ya digrii 28 mayai yanapasuka karibu saa 22, lakini kwa digrii 22 ni karibu saa 38. Kuvu inapata usiku wa pili wa kufanya kazi.

Basi tufanye hivi:

1. Tandika mayai juu ya wavu wa matundu madogo, safu moja tu. Usitumie chandarua chenye dawa ya mbu, kwani dawa hiyo inaua samaki.

2. Maji safi yapite polepole, mchana na usiku.

3. Nyonya mayai meupe kwa mpira mwembamba kila unapoyaona.

4. Vifaranga vikitoka vinashuka chini ya wavu; maganda na mayai mabovu yanabaki juu. Nyanyua wavu palepale, usingoje kesho.

5. Siku tatu hivi za kwanza usiwape chakula. Wanaishi kwa akiba iliyo tumboni, na chakula kitaoza tu.

6. Osha wavu na beseni kwa javeli, suuza sana, anika juani. Kila beseni iwe na vyombo vyake.

Kuna watu wanatafuta dawa ya kijani inayoitwa malakiti. Ni kweli inaua kuvu, lakini ni sumu, na Ulaya imekatazwa kwa samaki wa kuliwa. Sisi hatuishauri. Tena hakuna dawa inayofufua yai lililokufa.

Mara ijayo mkizalisha, pangeni zamu. Mtu mmoja alale karibu na beseni, na tochi mkononi.